Hotuba ya Idi Katika Nchi ya Dhahabu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, tumezoea kukosoa vitabu, magazeti na nyimbo, lakini ni nadra kumwona mtu akiikosoa hotuba ya Idi. Hapana shaka sababu yake ni adabu. Hotuba husomwa baada ya ibada, na mwenye kuisoma aghalabu ni mtu tunayemheshimu, aliyetusomeshea watoto wetu na kutuzikia maiti zetu. Hata hivyo hotuba ni maneno ya mwanadamu aliyesimama mbele ya watu ili awaongoze, na maneno ya mwanadamu hupimwa. Mnunuzi wa dhahabu wa Geita haipokei chembe ila ameiweka kwanza kwenye mizani, na mwenye chembe hakasiriki, kwa kuwa anajua kwamba bila ya mizani hakuna biashara. Basi leo nataka kuiweka hotuba ya Idi kwenye mizani, kwa nia njema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo nyoyoni.

Hotuba ninayoisema niliisikia asubuhi ya Idi el-Fitri katika mji mmoja mdogo wa wachimbaji, mkoani Geita. Sitautaja mji, wala msikiti, wala khatibu, kwani hotuba ile si yake peke yake. Kwa kubadilika maneno machache tu nimeisikia Kahama, nimeisikia Shinyanga mjini, na naamini wewe msomaji umekwisha kuisikia huko uliko.

Tulisali katika kiwanja cha mpira. Mikeka na maturubai yalitandikwa juu ya vumbi jekundu, na wanawake wakakaa nyuma ya pazia la turubai. Takbira ilikuwa nzuri kiasi cha kumtoa mtu machozi. Vijana waliokuwa jana yake ndani ya maduara, na bado wana udongo chini ya kucha, walivaa kanzu nyeupe wakamtukuza Mola wao kwa sauti moja. Imamu alipotoa salamu, khatibu akapanda juu ya meza iliyowekwa badala ya mimbari. Hapo hapo kama nusu ya watu wakainuka. Mmoja akatafuta viatu vyake, mwingine akawasha pikipiki, wengine wakapeana mikono na kukumbatiana huku wakiondoka. Khatibu akakasirika, akasema kwamba wanaoondoka ni watu wa dunia, dhahabu imewapofusha.

Maneno hayo yalinikumbusha kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alikuwa akisali Idi kwanza, kisha akiwageukia watu na kuwahutubia. Siku moja Marwan bin Hakam, alipokuwa gavana wa Madina, alitaka kupanda mimbari kabla ya Sala. Abu Said al-Khudri (R.A.) akamshika nguo amzuie. Marwan akatoa udhuru kuwa watu hawakai tena kusikiliza baada ya Sala, ndiyo maana ameitanguliza hotuba. Baadhi ya wanachuoni walioisherehesha hadithi hii wameeleza kwamba watu walikuwa wakiondoka kwa ajili ya yale yaliyokuwa yakisemwa humo, kwani hotuba zilikuwa zimegeuzwa za kuwatukana watu wasiostahiki na kuwasifu wengine kupita kiasi. Tazama basi! Marwan aliona watu wanaondoka, naye akabadilisha mahali pa hotuba. Hakujiuliza kama hotuba yenyewe ndiyo inayotaka kubadilishwa.

Sisi hatukubadilisha mahali pa hotuba, alhamdulillahi. Lakini je, tumejiuliza swali lile ambalo Marwan hakujiuliza?

Yaliyosemwa

Hotuba ile ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisomwa kwa Kiarabu, kutoka katika kitabu, kwa mahadhi mazuri. Sina ubaya nayo. Nguzo za hotuba zinajulikana, na wanachuoni wengi wa madhehebu yetu wameshikilia kwamba zisomwe kwa Kiarabu. Lakini nguzo za nyumba si nyumba. Mwaka 1932 marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti lake la Al-Islah huko Mombasa, aliliandika ili Waislamu wa nchi hizi wapate kusema na kufahamu mambo yao wenyewe. Marehemu Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipoikamilisha tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1969, alikusudia hayo hayo, kwamba Muislamu wa kawaida aelewe anachoambiwa na Mola wake. Hotuba ambayo kijana wa Kisukuma au wa Kiha anaisikia kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila ya kufahamu neno ni kama chakula kilichofunikwa. Harufu anaipata, lakini kushiba hashibi.

Sehemu ya pili ilikuwa ya Kiswahili, na ilihusu mambo manne. Jambo la kwanza lilikuwa mwezi, na khatibu alitumia muda mrefu kuwalaumu waliofungua siku iliyotangulia. Jambo la pili lilikuwa mavazi ya wanawake, na la tatu muziki na ngoma za mchana wa Idi. Mwisho khatibu akamshukuru kwa jina tajiri mmoja mwenye maduara, aliyetoa ng'ombe wawili na kanzu za mayatima, akamwombea dua ndefu, kisha akatangaza mchango wa mabati ya msikiti.

Nitakuwa dhalimu nikisema kwamba hayo yote hayakuwa na maana. Ulevi wa siku ya Idi katika miji ya machimbo ni msiba mkubwa. Mtu hufunga siku 29 au 30, akafungua kwa tende asubuhi na kwa chupa jioni. Khatibu akilikemea hilo amefanya wajibu wake. Mabati pia yanahitajika, kwani ile misikiti ya mbao na maturubai inayojengwa kila panapotokea machimbo mapya hainusuriki na mvua. Tena khatibu ana udhuru mmoja wenye nguvu, nao ni kwamba wengi katika wale vijana humwona mara mbili kwa mwaka tu, Idi ndogo na Idi kubwa. Asipowaambia siku hiyo, atawaambia lini?

Udhuru huo ndio unaonifanya niulize swali langu. Kama una nafasi mbili tu kwa mwaka za kusema na mchimbaji wa dhahabu, kwa nini umalize nafasi moja bila ya kusema hata neno moja juu ya dhahabu?

Yasiyosemwa

Nchi hii kutoka Shinyanga hadi Geita si nchi kama nyingine. Mwadui ilichimbwa almasi tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa hapo mwaka 1996. Mwaka 2019 likafunguliwa soko la madini la Geita, la kwanza la namna yake nchini. Kati ya mambo hayo makubwa wapo maelfu ya watu wadogo, ambao husikia kwamba mahali fulani mawe yametema, wakahama usiku huo huo. Watu hao wametoka Tabora, Kigoma, Singida, Kagera, Tanga na hata visiwani, na nyuma yao wameacha wake, watoto na wazee. Huyu ndiye mtu anayekaa mbele ya khatibu siku ya Idi. Anahitaji kusikia nini?

Kwanza, anahitaji kusikia habari za nyumba aliyoiacha. Zaka ya Fitri imefaradhishwa kwa kila Muislamu, mdogo na mkubwa, mume na mke, nayo ni pishi ya chakula kinacholiwa na watu wa mahali, yaani kiasi cha kilo mbili na nusu. Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba zaka hiyo humtakasa mfungaji na kumlisha maskini, na kwamba mwenye kuitoa kabla ya Sala ndiye aliyetoa zaka, na mwenye kuitoa baadaye ametoa sadaka kama sadaka nyingine. Mume huitoa kwa ajili yake na kwa ajili ya anaowalisha. Sasa mchimbaji aliyeacha mke na watoto wanne Tabora akatoa pishi moja kwa nafsi yake pale machimboni, na huko nyumbani hakuna aliyetolewa, huyo bado ana deni la pishi tano, na zile pishi tano ni haki ya maskini. Wangapi wanalijua hilo? Na kabla ya pishi kuna nafaka yenyewe. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale anaowajibika kuwalisha. Idi inakuja, mtoto anamwuliza mama yake, "Baba anakuja lini?" Mama hana la kujibu, kwa kuwa Baba ana miezi minane hajaleta salamu wala senti, na inasikika kuwa amekwisha kuoa mwingine kwenye machimbo mapya. Kanzu nyeupe ya Baba huyo asubuhi ya Idi ina thamani gani?

Pili, anahitaji kusikia habari za zaka ya madini. Nisabu ya dhahabu ni mithkali 20, ambazo wanachuoni wa leo huzikadiria kuwa gramu 85. Dhahabu iliyohifadhiwa hungojewa mwaka, lakini dhahabu inayochimbwa ardhini ina hukumu yake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, hutolewa sehemu moja katika arubaini pale inapopatikana na kusafishwa, bila ya kungoja mwaka. Kwa hiyo mwenye kupata gramu 100 atatoa gramu mbili na nusu. Wamesema pia kwamba kinachopatikana kwa kazi moja isiyokatika hujumlishwa, hivyo yule anayepata gramu tano leo na gramu kumi mwezi ujao asijidanganye kuwa kila mara yuko chini ya nisabu. Wahanafi wao wanaona ni sehemu moja katika tano. Yapo masuala mengi ya ubia, ya mwenye shamba, mwenye leseni, mwenye duara na wapigaji, na mgawo wenyewe hufanywa kwa viroba vya mawe kabla ya kujulikana mna nini ndani yake. Hayo yanataka mashekhe wakae wayatazame. Lakini yatatazamwa vipi ikiwa hayatajwi? Nimekaa na wachimbaji wenye umri wa kuwa babu, waliosali miaka yote, wakaniambia kwamba hawajapata kusikia kuwa dhahabu ya kuchimba ina zaka.

Tatu, wanahitaji kusikia habari za ujira. Yule tajiri aliyeshukuriwa kwa ng'ombe wawili, vijana wake walikuwa wamekaa safu ya nne, karibu na mimi. Waliposikia jina lake wakatazamana. Baada ya Sala nikaambiwa kwamba tangu kabla ya Ramadhani hawajapewa mgawo wao wa mawe. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la vijana wale lilikuwa limekauka, likalowa tena, likakauka tena. Simtuhumu khatibu kuwa alijua. Lakini mwenye kumsifu mtu mbele ya watu elfu ana wajibu wa kuuliza kwanza, na kama hana nafasi ya kuuliza, amwombee dua kwa jumla pamoja na watoaji wote, aache kutaja jina. Siku ile hotuba iliwafundisha vijana wale somo ambalo khatibu hakulikusudia, kwamba deni la maskini hufutwa kwa nyama ya ng'ombe. Na huko ndiko kulikomfikisha Marwan.

Nne, wanahitaji kusikia habari za wafu wao. Kazi hii inaua. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Ni zaidi ya Ramadhani nzima katika giza. Mwezi wa Januari 2024 watu 22 walikufa mgodi ulipowafukia wilayani Bariadi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Hao ni wale waliotangazwa. Wako wanaokufa mmoja mmoja, wakasafirishwa usiku kwenda kwao, na wako wasiojulikana kwao ni wapi. Watoto wao wako wapi siku ya Idi? Kuwapa kanzu ni jambo jema. Lakini yatima haishi kwa kanzu moja kwa mwaka, na hakuna kilichokuwa rahisi zaidi asubuhi ile kuliko khatibu kuwaomba watu elfu moja waliohudhuria wafanye daftari la mayatima wa mji ule, lisomwe kila mwezi, na kila mwenye duara achukue mtoto mmoja.

Mazungumzo na kijana

Mchana wake nilialikwa pilau kwa ndugu mmoja, na hapo nikakutana na kijana wa Kisukuma kutoka vijiji vya Shinyanga, aliyesilimu miaka sita iliyopita. Aliniinamia kwa adabu, akasema, "Mwangaluka, mzee," kisha akacheka na kuongeza, "Asalamu alaykum." Nikamjibu zote mbili. Nikamwuliza kama atakwenda kwao kuwasalimu wazee siku ya pili ya Idi, maana kutoka pale si mbali. Uso wake ukabadilika.

"Mzee, mayu ameniita mara tatu," akasema. "Lakini niliambiwa nikishasilimu Idi yangu ni pamoja na Waislamu tu. Nyumbani kwetu bado wanatambika. Naogopa kuiharibu saumu yangu."

"Nani aliyekuambia?"

"Nilisikia kwenye hotuba, Idi ya mwaka niliosilimu."

Ndugu msomaji, miaka sita! Mama mmoja amekosa kumwona mwanawe siku ya furaha kwa muda wa miaka sita, kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa na khatibu ambaye huenda amekwisha kuisahau. Huo ndio uzito wa hotuba.

Nikamweleza kisa cha Asma binti Abubakar (R.A.). Mama yake, naye alikuwa bado mshirikina, alimjia Madina, Asma akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama amuunge mama yake, naye akamjibu kuwa amuunge. Nikamkumbusha Suratu Luqman, aya ya 14 na ya 15, ambamo Mwenyezi Mungu anatuamrisha tusiwatii wazazi wakitulazimisha kumshirikisha, na papo hapo anatuamrisha tukae nao kwa wema hapa duniani. Nikamwambia asishiriki matambiko na asile nyama asiyojua mchinjaji wake. Lakini ugali wa mayu, mlenda wake, maziwa yake na michembe yake, ni nani aliyemharimishia? Na akitaka kula nyama, achukue jogoo wake, amchinje mwenyewe kwa jina la Mwenyezi Mungu, ampikie mama yake.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nikifika niseme nini, mzee?"

Nikamwambia, "Sema mwangaluka, mayu. Piga goti umsalimu kama ulivyolelewa. Mengine yatakuja yenyewe."

Sijui kama alikwenda. Lakini najua kwamba Waislamu wa Usukumani wengi wao ni watu wa namna yake, ambao katika nyumba moja yumo Muislamu, yumo Mkristo, na yumo mzee mwenye dini ya wahenga. Idi inayomfundisha mtu kuikimbia nyumba hiyo itajenga ukuta kati yetu na ndugu zetu, na kesho tutashangaa kwa nini hakuna anayetaka kusikia habari za dini yetu.

Mwezi na furaha

Ama kuhusu mwezi, sitaingia katika hoja zake. Tangu zama za Ibn Abbas na Kuraib watu wa Sham na watu wa Madina waliuona mwezi siku mbalimbali, na wanachuoni hawajaacha kukhitilafiana. Nasema jambo moja tu. Imepokewa pia kuwa kufungua ni siku ambayo watu wanafungua, na Idi ni jambo la jamaa. Yafaa khatibu aseme rai yake kwa dakika mbili, kisha awafundishe watu namna ya kuishi na ndugu yao aliyefungua jana. Nimeona nyumba ambayo kaka amekataa pilau ya dadake kwa ajili ya siku moja. Kuunga udugu ni wajibu kwa makundi yote mawili, na khitilafu ya mwezi haiwezi kuuondoa.

Na kuhusu furaha, khatibu alikataza mengi wala hakuhalalisha hata moja. Mtume (S.A.W.) hakufanya hivyo. Abubakar (R.A.) alipowakemea vijana wawili wa kike waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Mtume alimwambia awaache, kwa kuwa kila kaumu ina sikukuu yake. Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Mtume akamsitiri Bibi Aisha mpaka akatosheka kutazama. Kijana aliyekaa chini ya ardhi mwezi mzima atatafuta furaha. Usipomwonyesha furaha ya halali, yuko mwenye baa atakayemwonyesha ya haramu, na huyo hahitaji mimbari. Mashindano ya mpira, ya mbio, ya kusoma Qurani kwa watoto, kasida, chakula cha pamoja uwanjani, ziara ya wagonjwa hospitalini, hayo yote yangeweza kutangazwa kwa dakika tano.

Mbuzi, ng'ombe na ngozi

Miezi miwili na siku tisa baadaye Idi el-Haji huja, na hapo hotuba huwa juu ya Nabii Ibrahimu (A.S.). Kisa chake hakichoshi. Lakini nchi ya Shinyanga ni nchi ya ng'ombe, na ng'ombe mmoja huwatosha watu saba. Wachimbaji saba wa duara moja, ambao kila mmoja peke yake hawezi kununua mbuzi mnono, wanaweza kushirikiana. Ngozi isipewe mchinjaji kuwa ndiyo ujira wake, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwamrisha Ali (R.A.), bali alipwe kwa fedha nyingine. Na nyama yenyewe, Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratul Haj, aya ya 37, kwamba haimfikii wala damu haimfikii, bali humfikia uchamungu wetu. Basi nyama iende kwa mama anayeponda mawe kwa nyundo kandoni mwa barabara, ambaye hana hata kipande cha kuonja. Jirani asiye Muislamu naye apelekewe bakuli lake, kwani jirani ni jirani.

Hotuba ninayoitamani

Wako watakaosema, "Kukosoa ni rahisi, wewe ungesema nini?" Swali hilo ni la haki. Ningesema maneno machache, kwa Kiswahili chepesi, huku watu bado wamekaa:

"Ndugu zangu, Mola wenu amekuleteeni siku ya furaha, basi furahini. Kabla jua halijazama leo, kila mmoja wenu amtumie salamu mke wake, watoto wake na wazazi wake, na mwenye senti aitume pamoja na salamu. Mwenye deni la ujira wa mtu asiondoke kiwanjani bila ya kumwahidi siku. Mwenye dhahabu inayofika nisabu ajue kuwa ndani yake mna haki isiyokuwa yake. Mwenye mzazi asiye Muislamu akamsalimu kesho. Na mnaokwenda huko chini keshokutwa, semeni na watu wenu maneno mema leo, kwani duara halina ahadi."

Hayo hayahitaji hata dakika kumi. Baada ya hapo khatibu angegeuka upande wa pazia awaambie wanawake, kama alivyofanya Mtume (S.A.W.). Kwani imepokewa kwamba baada ya kuwahutubia wanaume alikwenda kwa wanawake, akiwa na Bilal (R.A.), akawawaidhi na kuwahimiza watoe sadaka, nao wakavua pete zao na vipuli vyao wakavitupa katika nguo ya Bilal. Tazama, ndugu msomaji! Dhahabu ilikuwako katika Idi ya Mtume. Haikukaa katika hotuba kama jambo la kulaaniwa tu. Ilitoka masikioni na vidoleni mwa watu ikaingia katika nguo iliyokunjuliwa kwa ajili ya maskini.

Khatibu wetu alisema kweli kwamba dhahabu yaweza kumpofusha mtu. Lakini kipofu hatibiwi kwa kukemewa. Hushikwa mkono akaonyeshwa njia, tena na mtu anayeijua njia yenyewe, mashimo yake na madaraja yake. Makhatibu wa nchi ya dhahabu wanakaa mahali ambapo hotuba moja yaweza kumrudisha baba nyumbani, kumlipa kijana jasho lake, na kumpa mama wa Kisukuma mwanawe. Wasiiache nafasi hiyo ipotee kwa kuwalaumu waliofungua jana.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na Sala zetu, awarehemu ndugu zetu waliofukiwa na ardhi, na awape makhatibu wetu ulimi wa kweli na moyo wa huruma. Amin.